Mkia wa Upanga wa Mzee Selemani

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Umefika! Mzee Selemani kauleta mwenyewe kutoka Troyeville, mtaa wa jirani, kauviringisha kwenye kanga ya marehemu mkewe. Upanga wa Kijapani, hapa Kensington, juu ya meza yangu ya kulia. Baba yake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akarudi nao Tanga kutoka vita vya Bama dhidi ya Wajapani. Baba huyo alisema alikabidhiwa na ofisa mateka wa Kijapani, na kwamba ulikuwa wa mababu wa huyo ofisa. Ndugu zake Mzee wanacheka hadi leo – marehemu alikuwa muongo, wanasema, huo ni upanga wa jeshi tu, wa kiwandani. Mzee anataka kujua ukweli kabla hajafa. "Wewe ndiye mtaalamu, mwanangu," kaniambia. Sikukanusha. Mtaalamu wa video na vitabu, na panga zangu mwenyewe zote za kiwandani!

Jioni nikatoa kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini, mpini ukachomoka. Ndani kuna mkia wa chuma, mweusi kwa kutu. Maandishi ya mfua chuma hayasomeki. Nimepiga picha.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeusafisha. Ndimu na majivu ya mkaa, vile tulivyosugua masinia ya shaba ya Bibi kule Unguja kila Idi ikikaribia. Mkia umetoka unang'aa, maandishi yote nje! Nikaupaka mafuta ya Kijapani ya panga, yananukia karafuu – nikahisi kabisa kwamba kitu hiki na mimi ni wa nyumba moja. Shufaa kauliza ndimu zake zimekwenda wapi. Mke wangu huyu haoni makubwa.

Jumatano, 6 Agosti

Eish. Nimesoma leo: mkia hausafishwi. Kamwe. Ile kutu ndiyo umri wake: nyeusi iliyokomaa ni ya karne na karne, ya rangi ya chungwa ni ya juzi. Wenyewe Wajapani hawaigusi. Nadhani niliwahi kulisoma hili, nikalipita.

Kazini nimejibu barua pepe za watu bila kuzielewa. Na Jumamosi tumealikwa Sandton kwa Bwana Deon, mkuu wa kikundi chetu cha wakusanyaji, autazame upanga. Mwaliko niliuomba mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nina haya hata ya kushika kalamu.

Mzee alivaa koti na kofia ya viua. Alikaa kwa Deon kama mtu aliyekwenda kuposa, mikono magotini. Kiingereza chake ni cha kununulia mkate, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Deon akautazama upanga kimya, karatasi laini mdomoni – mbele ya chuma kilicho wazi hawasemi, pumzi hutia kutu. Kisha akasema mawimbi ya chuma kando ya makali yanaonekana ya kale. Nikapata pumzi. Akavua mpini. Akauliza ni nani aliyeusugua huu mkia.

Nikasema familia ya Mzee. Hawakujua.

Lilitoka lenyewe, kwa Kiingereza kizuri. Deon akamtazama Mzee kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma zaidi. Akasema maandishi huweza kughushiwa, na bila kutu hawezi kuthibitisha. Huenda ni wa kale, huenda siyo. Mzee akaniuliza, wanasemaje? Nikamwambia mkia ulisuguliwa, umri umepotea.

Mzee akasema, "Ni Baba huyo. Mkono wake haukutulia kwa kusugua – viatu, vifungo, mkanda wa Keya. Waambie wamwie radhi, mwanangu. Hakujua."

Nikamtafsiria Deon. Neno kwa neno, sikukosea hata moja.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nimemwambia Shufaa yote. Hakupandisha sauti. Kauliza tu, "Na ile picha uliyoipiga kabla, Baba Tabia?"

Nilikuwa najizuia kuikumbuka. Ipo simuni. Kutu nyeusi, imekomaa, ajuaye ataiona mara moja. Deon akiipata, marehemu hatakuwa muongo tena. Lakini tarehe yake ni ya Jumamosi ile upanga ulipofika kwangu, na chini ya upanga kinaonekana kitambaa cha meza yetu.

Nimewaza kukikata kitambaa pichani. Nimewaza kuifuta tarehe, niseme Mzee kaipata kwa ndugu zake. Hata leo! Ndivyo nilivyo, kumbe.

Alasiri. Mzee kaja kuchukua upanga wake. Kaleta halua. Namsikia sebuleni akimsimulia Shufaa – kawapigia simu ndugu zake Tanga, kawaambia wacheke tu, yeye hana tena la kumtetea baba yao. Sasa anataka nimfundishe kuutunza, asije akarudia kosa la marehemu.

Mimi nimo chumbani. Nimesingizia kwamba natafuta yale mafuta. Mafuta yako hapa mbele yangu, na simu ubavuni mwake.

Shufaa kagonga mlango, kanong'ona: Mzee akimaliza chai na mimi sijatoka, yeye mwenyewe atamwambia yote.

Namsikia Mzee bado anakoroga sukari. Taratibu, kama mgeni asiye na haraka. Sasa kaweka kijiko chini.