Picha Mbele ya Farasi wa Dhahabu

Dada Zuhura kipenzi,

Baridi ya Saint Paul huku Marekani inauma masikio, lakini Salum wangu kanifunga skafu yake, basi nanukia yeye mchana kutwa! Leo mama mmoja mwongozaji alitutembeza kwa miguu kwenye majengo ya zamani ya serikali. Tulipofika Bunge la jimbo, lenye farasi wa dhahabu juu, Salum akatoa simu na kuanza kupiga picha. Roho ikanipaa. Nilimkumbuka kaka Juma alivyowekwa ndani kwa kupiga picha ofisi ya mkuu wa mkoa. Mara askari huyo, anakuja kwetu, anasema kitu! Nikamnyang'anya Salum simu, nikaificha ndani ya koti, machozi yananitoka: "Tusamehe afande, tumeoana juzi tu!"

"Mke wangu, huyu hajui Kiswahili," Salum akacheka. "Anauliza kama atupige picha sote wawili."

Akatupiga. Salum anameremeta, mimi nimemng'ang'ania kiunoni, macho mekundu. Nampenda, dada, mpaka naogopa.

Wasalimie wazazi, uwaambie mume wangu bado ninaye.

Mdogo wako,
Asha