Karavani Isiyo na Mwanya

Lodwar, 3 Februari 2013

Mama yangu,

Ejok, hujambo? Natumaini miguu imeacha kukuuma na yule mbuzi kilema bado anatembea mbele yako kama chifu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mjukuu wako Nakuleu anakohoa. Si sana. Lakini anakohoa.

Barua hii inakuja na Wainaina, dereva wa lori la soda. Mpe katekista Santino akusomee, halafu mwambie aandike vile unavyosema wewe, siyo vile yeye anaona ni vizuri. Simu yetu ni moja na mume wangu Aukot anatembea nayo.

Mama, tumepata nyumba! Aukot amepata kazi ya kulinda yadi, na mwenye yadi ametupa karavani tukae. Karavani ni nyumba ya bati yenye magurudumu, wachimba visima walikuwa wanaivuta nyuma ya gari. Sasa matairi yameisha, haiendi popote. Ina kitanda, ina kabati, ina dirisha moja la kioo lisilofunguka. Mbele tumefunga turubai kubwa, na chini ya turubai ndio jikoni, ndio mahali pa kukaa. Nikisimama pale mlangoni najiona mke wa ofisa.

Shida ni kwamba turubai na karavani hazijuani. Kati ya paa na turubai kuna mwanya mkono unapita, na huku chini kwenye magurudumu upepo unaingia bila hodi. Vumbi la Lodwar unalijua. Asubuhi nalipangusa kwenye kope za mtoto. Daktari amesema kifua chake hakitaki vumbi kabisa, likiendelea hivi kitaharibika.

Nimeziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe kama ulivyonifundisha. Bati likapata jua, likacheza, udongo wote ukaangukia kwenye ugali. Aukot alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia basi ziba wewe. Akasema, "Mimi? Nishike nyumba ya mwanamke, wanaume wenzangu wananiona?"

Sasa nifanyeje, Mama?

Binti yako,
Nawoi


Kakuma, 17 Februari 2013

Nawoi mtoto wangu,

Ejok-nooi. Miguu ni mizuri. Yule mbuzi alikufa, tukamla, alikuwa mtamu kuliko tabia yake. Santino anacheka badala ya kuandika. Haya, ameandika.

Aukot amesema kweli, mwache. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume akishona nyumba, mke wake ataficha wapi uso? Unakumbuka ulipoolewa, wanawake wa kwao waliingia nyumba yako saa ya jua kali wakatazama juu. Walikuwa wanatafuta mwanga. Hawakuona hata tundu moja. Nilitembea mwezi mzima nimeinua shingo.

Sikiliza. Udongo na bati haviwezi kukaa pamoja. Enda kwa watu wa matairi, omba tyubu ya lori iliyochoka. Ikate iwe mkanda mrefu. Upande mmoja ushone kwenye turubai kwa sindano ya gunia, upande mwingine uweke juu ya paa, uukandamize kwa waya na mawe. Ndani ya mwanya sindilia sponji ya godoro mpaka ikatae kuingia. Chini, panga gunia za mchanga kuzunguka magurudumu. Turubai likutane na turubai mlangoni, lipandane, ufunge na kamba. Halafu ingia ndani adhuhuri, utazame juu. Ukiona mwanga hata mdogo kama jicho la sisimizi, shona tena. Nisisikie mtu anasema binti ya Nakiru analala kwenye chujio.

Nakutumia ngozi mbili nimezipaka mafuta, za kuweka juu ya mshono mvua ikija. Na gunia la makaa mtoto asione baridi. Ni yale mazuri, siyo yale nauzia watu wa kambi ya wakimbizi. Santino ameacha kuandika ananitazama. Yeye ni mteja wangu.

Ziba, mtoto wangu. Ziba vizuri.

Mama yako


Lodwar, 2 Aprili 2013

Mama mpenzi,

Unasemaje huko? Mvua imewafikia? Hapa inapiga tangu juzi, barabara zote ni uji.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa nashona! Vidole vimetoboka vyote. Nilifanya kama ulivyosema: tyubu, sponji, gunia za mchanga, ngozi zako juu. Mara ya kwanza niliona mwanga mahali pengi nikalia. Nikashona tena. Mara ya pili nikaona pembeni tu, karibu na taa ya nyuma ya karavani. Nikashona tena. Mama, sasa naingia adhuhuri natazama juu, ni giza zuri kama ndani ya mtungi. Jirani yangu Apajok aliingia akasema, "Wewe umejenga nyumba au umejenga tumbo?" Nikamwambia ni kazi ya mama yangu.

Vumbi hakuna. Maji hayaingii. Jiko lililokuwa ukingoni mwa turubai nimelileta ndani kwa sababu nje ni matope, nimeliweka pale mlangoni mwa karavani, na makaa yako yanawaka polepole tangu asubuhi hadi jioni. Tuko kwenye joto kama mayai.

Na Nakuleu hakohoi sana! Tena analala. Zamani alikuwa analia mpaka Aukot anatoka nje. Sasa analala mchana kutwa. Namwamsha anyonye, anavuta kidogo, analala tena. Halii kabisa. Nafikiri kifua kimepata kupumzika.

Mimi tu kichwa kinaniuma, na jana nilitapika. Labda ni malaria, labda ni kuinama na sindano. Nikitoka kuteka maji kinaacha, nikirudi ndani kinaanza tena. Ni uvivu huo, utasema.

Aukot amepelekwa kulinda mashine za kampuni upande wa Lokichar, amekwenda na simu. Tuko wawili. Lakini usiwe na wasiwasi, nyumba imefungwa vizuri.

Binti yako anayekukumbuka,
Nawoi


Kakuma, 8 Aprili 2013

Nawoi,

Leo sisalimii.

Toa jiko nje. Sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma. Mchukue mtoto mtoke nje, hata kama mvua inanyesha. Mvua haina neno.

Santino alikuwa ananisomea barua yako, tunacheka mambo ya tumbo. Alipofika pale mtoto halii, akaweka kidole kwenye karatasi. Nikamwambia soma. Akarudia pale pa kichwa, kwamba ukitoka kinaacha. Akaniuliza, "Mama Nakiru, hilo jiko liko ndani?" Hapa kambini kuna watu walipewa hema jipya la plastiki, wakaingia na jiko kwa sababu ya baridi, wakafunga. Santino ndiye aliwaombea kaburini. Anasema makaa yakikosa hewa yanatoa sumu haina moshi, haina harufu. Mtu anasikia usingizi tu. Mtoto ndiye anaanza.

Maisha yangu yote nimelala na moto ndani, Nawoi. Lakini nyumba zetu ni za matawi, zinapumua, na mimi sikujua kwamba zinapumua. Nilifikiri nimeziziba.

Niliyokuambia yote nayafuta. Fungua. Toboa. Mwanga uingie kila mahali, watu wacheke, waje wacheke na mimi.

Santino amepiga simu ya Aukot mpaka salio limekwisha, haipatikani. Wainaina anawasha lori, anataka barua. Haitoshi. Napanda na mimi.

Mama


Ng'ambo ya Kawalase, 9 Aprili 2013

Nawoi,

Ni mimi mama yako, anaandika Wainaina, mwandiko mbaya ni wake. Tuko ukingoni. Mto umejaa, umebeba miti mizima, hakuna gari linapita. Lodwar naiona kwa macho. Naona mabati. Mojawapo labda ni lako.

Nilitaka kuingia majini, Wainaina na turniboi wake, yule msaidizi wa lori, wamenishika kanga. Nimewatukana wote wawili, na bado wananishika.

Kuna mwanamume anaogelea na kamba kiunoni kuvusha mizigo ya watu. Nimempa hii ndani ya mfuko wa nailoni, na ile ya jana. Nimemwambia kwa mdomo pia, kama karatasi italowa: karavani ndani ya yadi, turubai la kijani. Nimemwambia asipige hodi sana. Akate.

Anaingia majini sasa.

Mama


Hospitali, Lodwar, 10 Aprili 2013

Mama,

Nakuandikia nimekaa kitandani na Nakuleu mapajani. Anapumua. Nimeanza na hilo ili usianguke mtoni.

Yule mtu wako alifika jana saa ya chai. Nilimsikia anaita, lakini kwa mbali, kama mtu anaita jina la mwingine. Jiko lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimelala sakafuni na mtoto kifuani, nikasema nitaamka. Nilifikiri nimeamka, Mama. Sikuwa nimeamka. Alitafuta mlango hakuuona, nilikuwa nimeufunga kwa ndani kwa kamba tatu. Akawa anapiga kelele, "Mama yako anasema kata! Mama yako anasema kata!" Nikawaza, nikate nini? Basi akakata yeye, kutoka juu hadi chini, akang'oa na mkanda wa tyubu. Upepo ukaingia wote mara moja, na mvua, na mwanga. Alituburuta mimi kwa mkono na mtoto kwa nguo. Nilipohisi matope usoni mwangu ndipo nikajua niko nje.

Nakuleu alikuwa amelegea kama kitambaa. Apajok alikimbia naye hospitalini bila viatu, mimi nyuma naanguka naamka. Wamempa hewa ya mtungi usiku wote. Amefungua macho, ananitazama, lakini kama ananitafuta. Hajalia. Hajanyonya tangu jana. Sista anasema akinyonya mwenyewe tutajua kichwa chake kimerudi. Asiponyonya hadi jioni watampitishia mpira puani, halafu tungoje, na hajui tungoje nini.

Mama, usijilaumu. Mkono ulioshona ni wangu. Hata nilipenda lile giza.

Yule mtu wa mto amekaa nje ya wodi, anangoja barua hii arudi nayo kwako. Anasema hawezi kuvuka akukute bila jibu, anakuogopa kuliko mto. Nimemwambia aendelee kungoja kidogo. Ninamweka mtoto kwenye titi kila wakati, namdondoshea maziwa mdomoni, yanatoka pembeni. Namweka tena. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umemshika kichwa. Yanatoka pembeni. Namweka tena.

Mama ngoja

Mama, amevuta. Amevuta mara moja akaacha. Anakunja uso, amekasirika, anavuta tena. Inauma! Amenibana kwa fizi kama mbuzi. Sista anakuja. Siwezi kuandika, nahitaji mikono yote miwili. Mpe huyu mtu chai.

Nawoi wako, mama wa Nakuleu