Aliyempasua Mtoto wa Simaloi

Kaloleni, Arusha
9 Juni 1957

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepona, na mguu wa mama usiwe unamsumbua sasa mvua zimepungua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu sikuja Jumapili iliyopita kama nilivyoahidi. Nimesikia umekwisha tangaza kanisani Akheri safari yangu ya Uingereza, na kwamba mjomba Sadoki ametoa dume la kuchinja. Tafadhali, mwambie asilichinje kwanza. Soma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Niliporudi kutoka Makerere ulishangaa kusikia serikali inaniita Daktari Msaidizi, ukaniuliza namsaidia nani. Siku ile nilicheka. Baba, sicheki tena. Kule Kampala nilisoma vitabu vilevile wanavyosoma Waingereza. Profesa wetu wa upasuaji alinichukua wodi ya watoto akanifundisha kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa: damu yake yote inaingia katika kibuyu kidogo, na ukimwacha apate baridi mezani umemuua kabla ya kumkata. Nikajua hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa niifanye. Nilipofika hapa nikapewa kufunga vidonda na kukagua vyoo vya sokoni. Kisu ruhusa kukishika ni mpaka Daktari Mkuu wetu, Mwingereza, awe amesimama kando yangu, naye mara nyingi hayupo.

Hakuwapo siku ile baada ya Pasaka alipoingia Simaloi, mama Mwarusha wa Sekei, na mtoto wake wa kiume ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua vizuri. Mtoto alikuwa akikunja miguu na kulia, ananyamaza kama amekufa, kisha analia tena, na nepi imejaa ute na damu. Nilimpapasa tumbo nikakuta uvimbe mrefu. Utumbo ulikuwa umejiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa shati unapojikunja ndani. Mtoto wa namna hiyo hangoji. Daktari Mkuu alikuwa amekwenda kuwinda, na hakuna aliyejua amepiga kambi wapi.

Nilimwambia muuguzi Anjela, yule Mchaga niliyewahi kuja naye nyumbani, kwamba tukifanya tutakuwa tumevunja amri. Akanijibu kwamba amri hailii kwa uchungu, mtoto ndiye analia, akaenda kufungua chumba cha upasuaji. Yeye alimlaza usingizi kwa etha, nami nikapasua. Utumbo nikausukuma polepole kwa vidole kutoka nyuma mpaka ukatoka wote, ukageuka kutoka mweusi kuwa mwekundu mbele ya macho yetu. Anjela alilia. Nami nililia, baba.

Mtoto akapona. Ndipo maneno yakaanza.

Daktari Mkuu aliporudi hakunikemea. Alisikia kwamba mkubwa wa madaktari atakuja kutoka Dar es Salaam, akamtumia salamu mapema kwamba hapa Arusha amemfanyia kitoto upasuaji mgumu. Amemfanyia yeye! Kisha akaniita ofisini, akanifungia mlango, akasema kwamba nikiulizwa niseme nilimpa vifaa tu, na kwamba safari yangu ya kwenda London kusomea upasuaji wa watoto inapita mkononi mwake. Nikarudi wodini kufunga vidonda.

Mkubwa alikuja. Walisimama kando ya kitanda, Simaloi amempakata mwanawe aliyeletwa kuonyeshwa, na Daktari Mkuu akasimulia jinsi alivyopasua. Mkubwa akanigeukia akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Sitakuficha, baba: nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimekwisha ona meli akilini. Lakini Simaloi alikuwa amemuuliza mkalimani wazungu wanasema nini, na alipoelezwa alisimama akanyoosha mkono kwangu. Alisema kwa Kimaasai chao, mkalimani akageuza kwa Kiingereza: “Huyu ndiye aliyempasua mwanangu. Yule pale ndio kwanza namwona leo.”

Nikasema, “Anasema kweli, bwana. Nilipasua mimi.”

Unajua mkubwa alifanya nini? Alitazama saa yake akaenda kitanda cha pili.

Jumatatu niliitwa kuambiwa kwamba safari ya London imefutwa, kwa kuwa nilipasua bila ruhusa na sina adabu. Yaani ulipokuwa sifa, upasuaji ulikuwa wake. Ulipogeuka kosa ukawa wangu! Anjela naye amehamishwa kwenda kufua mashuka. Mimi nimeamriwa niende pwani kukagua mitaro.

Siendi, baba. Hili ndilo nililoogopa kukuambia: nimeacha kazi ya serikali jana. Profesa wangu amekubali nirudi Kampala, wodi yake ya watoto, bila cheo chochote, ila kisu nitakishika kila siku. Naondoka kwa basi la Nairobi mwisho wa wiki. Ukiona aibu mbele ya washarika nitaelewa. Lakini wakikuuliza, waambie ukweli wote, na jina la Simaloi ulitaje.

Nisalimie mama, dada Hanna na wote wa nyumbani. Mungu awatunze.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Elirehema Kaanaeli