Daunsaizing kwa Kiswahili

Jumatatu, 3 Juni

Bosi kaniita asubuhi. Oda za sare zimeshuka, wenye kiwanda wanataka daunsaizing. Niandike tangazo kwa Kiswahili, lisomwe kesho mbele ya mafundi. Nikaandika "kupunguza wafanyakazi". Akasoma, akakunja uso. Linauma, akasema, tafuta neno laini. Nikahangaika mpaka saa nane, nikampa "kujipanga upya". Akafurahi. Mimi hapana.

Jumanne, 4 Juni

Tangazo limesomwa. Mafundi wameduwaa. Mmoja kauliza: kujipanga upya — yaani vyerehani vinahamia upande wa dirishani? Watu wakacheka. Bosi naye akacheka. Cha kuchekea sikukiona.

Ndipo akasimama Bi Futi, msimamizi wa mafundi. Tunamwita hivyo kwa sababu futi ya kupimia nguo haibanduki shingoni mwake, mwaka wa ishirini na sita huu. Hakupaza sauti.

"Bosi, hilo neno sijalielewa. Maana yake nini?"

"Ni daunsaizing, mama."

"Hilo ndilo silielewi kabisa. Nikifika nyumbani nimwambie nini mume wangu?"

Bosi katazama viatu vyake. Kisha: "Watu kumi wataachishwa kazi."

"Ahsante. Sasa tunaweza kuzungumza."

Nilitamani ardhi inimeze. Lile neno laini ni langu. Lakini jamani — swali moja tu, la upole, na ukweli ukatoka wenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimemfuata Bi Futi, nikakiri kwamba tangazo niliandika mimi. "Najua, mwanangu. Bosi hana lugha laini hivyo." Akanisogezea kiti. Hana kinyongo hata chembe!

Ana wazo. Badala ya kumi kutoka, sote hamsini tufanye kazi siku nne kwa wiki badala ya tano. Hesabu ni ile ile. Akaniomba nimwandikie barua. "Andika hata mlinzi wa getini akisomewa asiulize maana."

Nusu ukurasa. Sijawahi kuandika barua nzuri kama ile.

Alhamisi, 6 Juni

Barua imezunguka kutafuta sahihi. Kupoteza mshahara wa siku moja kila wiki si mchezo. Mpiga pasi ana watoto watano. Amekataa mara mbili. Bi Futi hakumsukuma. Alimsaidia kukunja mashati mpaka yakaisha, wakiongea habari za watoto tu, akaenda zake. Saa kumi jamaa kaja mwenyewe kuomba kalamu.

Nimetia yangu. Ya thelathini na tisa. Dada yangu nyumbani kanishangaa: wewe ni wa ofisini, yanakuhusu nini? Nikamjibu, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kasema mimi sikutia maji, nimejinyoa kabisa. Tumecheka. Ila najua ana hofu, na mimi pia.

Ijumaa, 7 Juni

Sahihi arobaini na tisa. Bi Futi kaingia kwa bosi, kaiweka barua mezani.

"Imebaki nafasi moja, baba. Yako."

Akarudi kwa mafundi wake. Hakungoja jibu.

Naandika haya mezani kwangu, mlango wa bosi uko wazi. Ameisoma mara tatu. Simu inaita — ni wenye kiwanda, saa hii ndiyo yao. Haipokei. Inaita tena. Amesimama. Anakuja huku na barua mkononi, anauliza kama nina kalamu. Ninayo hii moja tu, ngoja nim