Fundo la Papa Furaha

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa nane. Ukungu tangu asubuhi.

Papa Furaha,

Leo kondoo wameshuka. Hakuna aliyewaita. Nilikuwa mlangoni napepeta maharagwe nikasikia kengele ya yule jike mzee, na ukungu ulipofunguka kidogo nikawaona wanakuja kwa mstari: jike mzee mbele, wengine nyuma yake, dume akiwa wa mwisho. Kiangazi chote wamekaa juu kule, ambako umande hauachi majani yakauke. Sasa wameisikia mvua kabla yetu.

Nimekulilia. Si sana.

Dume bado alikuwa amevaa kaptura. Furaha, mtoto wetu, aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu, anasema kuna watu wengine wanaosoma, basi niwaeleze. Kila mwaka, mvua za mwezi wa tatu zikianza, mume wangu alikuwa anamfunga dume kipande cha gunia chini ya tumbo, ili akipanda, apande bure. Jike hubeba mimba miezi mitano. Akishika mimba wakati mbaya, atazaa kwenye mvua kubwa, na asubuhi utamkuta mwana amelala kwenye matope, baridi imemmaliza. Lakini akishika mimba sasa, wanaposhuka, atazaa mwezi wa kwanza, jua likiwa limerudi kidogo. Kwa hiyo siku ya kushuka ndiyo siku ya kuvua kaptura. Ikichelewa, tunazika wana.

Mwaka huu ulimfunga wewe kama kawaida. Halafu homa ikakuchukua.

Nguo zako niligawa. Jembe lako analo shemeji Bahati. Kitanda nimekigeuza kikaangalia dirisha. Lakini lile fundo la kamba ya gunia juu ya mgongo wa dume lilikuwa bado kazi ya mkono wako wa kushoto, limegeukia upande ambao mafundo ya watu wengine hayageukii. "Hii njo sinyatire yangu," ulikuwa unasema, yaani sahihi yako, na unalipiga kofi dogo.

Nilijua leo itafika. Kiangazi chote nilikuwa napanda juu kuwaona kondoo, na kila mara niliweka kidole kwenye fundo lile, nikashuka tena.

Basi leo nilikaa tu, nikawaangalia. Dume alimfuata yule jike mweusi wa masikio mafupi. Alinyoosha shingo chini, akamgusa ubavu kwa mguu wa mbele, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Akainua pua, akakunja mdomo wa juu, akanguruma kooni. Jike akasimama. Akageuza kichwa, akamngoja. Dume akapanda, gunia likamzuia, akashuka, akabaki ameduwaa. Na jike bado anangoja.

Nilishindwa kuangalia.

Mama Zawadi, jirani yetu, alikuwa anapita na bidoni yake ya maziwa. Akasimama.

"Mama Furaha, ule dume utamuvula kaputula lini?"

"Kesho."

"Kesho ya wapi? Bwana mwenye alikufa ni wako, dada. Ile makondoo haiko wajane!"

Akajiziba mdomo kwa mkono. Nami nikacheka. Papa Furaha, nilicheka mpaka ungo ukamwagika, na kuku wako wakashukuru.

Aliweka bidoni chini, akamkamata dume kwa pembe. "Leta kisu."

"Kisu hapana."

Aliniangalia, halafu akaangalia fundo. Alimshika dume kwa nguvu zaidi, akangoja.

Kamba ilikuwa imevimba kwa mvua na mafuta ya manyoya. Nilijaribu kwa kucha, kisha kwa meno. Harufu ile ikanijaa mdomoni: harufu ya koti lako ulipokuwa unarudi kutoka kwa kondoo. Sikuharakisha. Lilipolegea, lililegea lote mara moja, nikabaki na kamba mkononi.

Dume akajikung'uta, akakimbia.

"Ata merci hakuna!" Mama Zawadi akampigia kelele, akimdai asante.

Sasa ni saa kumi na moja, ukungu umerudi. Dume na jike mweusi wamelala chini ya mkaratusi, ubavu kwa ubavu. Kamba ninayo mapajani. Nimejaribu kuinyoosha lakini imekataa, bado imepinda pale ulipoikaza.

Mvua za mwezi wa tatu zikirudi, atahitaji kuvaa tena. Nitamfunga mimi. Leo nimeanza kujifunza kwenye mguu wa kiti, kwa mkono wa kushoto. Fundo la kwanza limekuwa baya sana, ungecheka.

Jike mweusi akizaa, nitakuja kaburini kukuambia. Na wewe, huko uliko, ukisikia kengele, unikumbuke.