Konokono wa Tangi la Bibi

Wanangu,

Nimewahi zamu. Konokono wamejaa tena kwenye tangi la samaki, mpaka majani wameyatoboa. Nimetumbukiza kipande cha tango. Wakishakusanyika juu yake, kitoeni pamoja nao. Msitie dawa, samaki watadhurika.

Jana niliwafokea bure kwamba mnazidisha chakula, kinaoza, konokono wanazaana. Kumbe si nyinyi. Asubuhi hii Bibi yenu amelisha samaki, akakaa, akainuka kulisha tena. Nikamwambia, "Mama, umeshawapa." Akaniuliza, "Nani, mimi?" Halafu akalia.

~~Ficheni kopo la chakula.~~ Hapana, mwachieni kopo lake, ila mwekeeni punje chache tu. Msimwambie amesahau. Nimeshamwambia mimi, inatosha.

Mama