Uzi Mmoja wa Shaba

Jumamosi

Sijawahi kumwambia mtu kwamba darasani huwa najua majibu mengi, ila nayameza kwa aibu. Leo nusura nimeze jingine, na kaka Yohana angeuza pikipiki yake.

Ni ya mbio, aliinunua Dar. Tangu aipandishe huku Mbozi inakohoa kila mlima. Alifunga sproketi kubwa ya mnyororo nyuma ili ivute, wapi. Mteja wa Tunduma alikuwa aje kesho.

Fundi Osia alifungua kabureta akasema, "Ina njaa hii. Tutanue tundu la jeti ipate petroli zaidi."

Lakini plagi ilikuwa nyeusi kwa masizi. Nikajikuta nikisema, "Shikamoo fundi... imeshiba petroli mno. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko Dar."

Kaka akacheka. "Shikamoo ya saa hizi? Si umeshinda naye tangu asubuhi!"

Fundi aliitazama tena plagi, akakubali petroli ipunguzwe. Jeti yenye tundu dogo zaidi hakuwa nayo, basi akachomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa chaja, akaupitisha kwenye tundu la jeti ili lipungue, na kuukunja ncha usitoke. Tundu lenyewe ni kama nukta ya kalamu yangu!

Kaka akapanda nayo mlima wa Ihanda. Haikukohoa hata mara moja. Ililia sauti moja safi mpaka juu. Mashine nzima, na hewa yote hii, kumbe zinategemea kitundu kile.

Kaka alimpigia mteja kumwambia kwamba haiuzwi tena, kisha akaniuliza nimejulia wapi. Nilivaa helmeti, nikapanda nyuma, tukaenda mpaka Vwawa.